Kutengeneza Gari Nyumbani na Kubadilisha Matairi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila wenye magari wanapokutana na kuanza kusimuliana habari za mafundi, matairi na kazi walizojaribu wenyewe. Mengine ni mepesi na yamejibiwa kwa mistari michache. Mengine yana hatari ndani yake, hivyo majibu yamekuwa marefu. Vipimo vilivyotajwa ni vya gari dogo la kawaida; kitabu cha gari lako kikisema vingine, fuata kitabu.

Kazi zipi nifanye mwenyewe na zipi nimwachie fundi?

Wengi hupima kazi kwa ugumu wake: hii rahisi, nitaiweza, hii ngumu, naipeleka gereji. Kipimo hicho kinadanganya. Kufunga pedi mpya za breki si kazi ngumu, ilhali kubadilisha balbu ya taa ya mbele kwenye magari mengine ni adhabu tupu, mpaka bampa lifunguliwe. Jiulize hivi badala yake: nikikosea, nitajua lini, na nitakuwa wapi? Ukikosea filta ya hewa, gari litakuonyesha hapo hapo lilipoegeshwa. Ukikosea nati za gurudumu, utajua ukiwa kwenye mwendo, pengine na watoto kiti cha nyuma.

Kwa kipimo hicho, filta ya hewa, filta ya kiyoyozi, wipa, balbu, fiuzi, betri, maji ya redieta na oili ya injini ni kazi za nyumbani. Plagi nazo, kama injini yako inazionyesha kwa juu. Pedi za breki ziko katikati: zinafanyika nyumbani, ila mara ya kwanza simama na mtu aliyekwisha kuzifanya. Mkanda wa taimingi, springi za shokapu, mfuko wa hewa wa usukani, mabomba ya dizeli yenye presha kubwa, na chochote kilichoungwa na nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye gari la haibridi au la umeme, acha. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua mtu. Mkanda wa taimingi ukifungwa vibaya, kwenye injini nyingi valvu hugongana na pistoni, na hapo huzungumzii tena mkanda bali injini nzima.

Ninunue vifaa gani kwanza?

Usianze na lile sanduku kubwa la vipande vingi vinavyong'aa. Nusu yake hutaigusa, na nusu nyingine ni chuma laini. Nunua vichache vizuri: soketi za pembe sita kuanzia milimita 8 hadi 19 pamoja na ya 21 (ya 10 nunua mbili, maana ndiyo hupotea kuliko zote), spana ya torki (ile inayopima nguvu ya kukaza), jeki ya magurudumu, stendi mbili, geji ya upepo, multimita ya kawaida (kipima umeme) na taa ya kuvaa kichwani. Kwa nini pembe sita? Kwa sababu soketi ya pembe kumi na mbili hushika nati kwenye kona, na nati iliyokaza au kushika kutu ikishikwa kwenye kona huwa mviringo.

Geji ya upepo ndiyo kifaa kidogo kuliko vyote na ndicho kitakachotumika mara nyingi zaidi.

Jeki iliyokuja na gari inatosha kuingia uvunguni?

Hapana. Jeki ile imetengenezwa kwa kazi moja: kuinua kona moja ya gari ili gurudumu hili litoke na lile liingie. Haikutengenezwa kumlinda mtu aliyelala chini. Hata jeki kubwa ya haidroliki inashikiliwa na sili za mpira, na sili ikivuja gari hushuka, wakati mwingine polepole, wakati mwingine ghafla. Jeki inainua, stendi inashikilia.

Stendi zikae juu ya sakafu ngumu, chini ya sehemu zilizoonyeshwa na kitabu cha gari. Kwenye magari mengi sehemu hizo ni kingo za bodi chini ya milango, na utaona mikato miwili midogo inayoonyesha mahali pa kutega. Ukitega nje ya hapo, utasikia bati likikunjika kabla gari halijainuka. Ukishaliweka gari juu ya stendi, lisukume kwa nguvu kutoka pembeni ukiwa umesimama. Likitaka kuanguka, lianguke ukiwa nje. Matofali na bloku za saruji usitumie kabisa: hubeba uzito vizuri mpaka zipasuke, na hazitoi onyo.

Kuna utaratibu gani salama wa kufunga tairi la akiba?

Toka kwanza kwenye njia ya magari, hata kama ni kuendelea kwa mwendo wa taratibu juu ya tairi lililokwisha upepo. Rimu inanunulika. Tafuta mahali tambarare na pagumu, washa taa za tahadhari, weka pembetatu nyuma kwa umbali wa kutosha, shusha abiria na uwasogeze mbali na barabara. Vuta breki ya mkono, gari la gia za kawaida liache kwenye gia ya kwanza, la otomatiki kwenye P. Weka kabari au jiwe kwenye gurudumu lililo kinyume na lile unaloinua. Hatua hii hurukwa na wengi, na hasa ndiyo inayohitajika ukiinua upande wa nyuma, kwa sababu kwenye magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu.

Sasa legeza nati gari likiwa bado chini. Zunguko la nusu kila moja linatosha. Ukizilegeza gari likiwa juu, gurudumu litazunguka nawe, na gari litayumba kwenye jeki. Ndipo uinue hadi tairi liwe wazi kwa urefu wa vidole viwili hivi. Ukumbuke kwamba tairi la akiba lina upepo, kwa hiyo linahitaji nafasi kubwa kuliko lile lililolala. Toa nati, zitie ndani ya kifuniko au kofia, si mchangani. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya ukingo wa gari karibu na jeki. Jeki ikiteleza, gari litaangukia gurudumu badala ya mguu wako.

Pandisha la akiba, anza nati zote kwa vidole. Nati inayokataa kuingia kwa vidole imekaa upande, na ukiilazimisha kwa spana utaua uzi, yaani ile mikato ya kuzungukia. Upande wa nati uliochongoka uelekee rimu, ukalie vizuri kwenye tundu lake. Kaza kidogo kwa mpangilio wa nyota, yaani nati moja kisha ile ya upande wa pili, shusha gari, kisha kaza kikamilifu kwa mpangilio uleule.

Nati zimegoma kabisa. Nifanyeje?

Mara nyingi si kutu. Ni ile mashine ya hewa ya gereji iliyozikaza mara ya mwisho. Hakikisha kwanza unazungusha kinyume cha saa, kisha tafuta urefu: spana yenye mkono mrefu, au bomba la chuma linaloingia kwenye mkono wa spana. Sukuma kuelekea chini kwa uzito wa mwili ukiwa umesimama imara, usivute kuelekea usoni. Kama ni kutu kweli, pulizia mafuta ya kulainisha, subiri, rudia.

Halafu kuna nati ya kufuli, ile moja ya kila gurudumu yenye umbo la ajabu, isiyofunguka bila adapta yake. Watu hugundua kwamba gari lao linazo siku ya pancha. Nenda leo ukaangalie kama adapta ipo. Kwa kawaida hukaa kwenye droo ya mbele au karibu na tairi la akiba. Kama gari ulilinunua limetumika, usishangae ikiwa ilibaki kwa fundi wa mwenye gari wa kwanza.

Nati zimetoka zote, gurudumu halitoki!

Rimu ya alumini na habu ya chuma, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa, hushikana kwa kutu. Rudisha nati mbili tatu kwa kulegea, zikiacha nafasi kidogo tu, shusha gari, lisogeze mbele na nyuma kwa hatua moja huku ukigusa breki. Utasikia mlio wa kukatika. Kabla ya kufunga tena, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya.

Nikaze nati kwa nguvu kiasi gani?

Si "kwa nguvu zako zote," na kupanda juu ya spana kwa miguu miwili si kipimo. Magari madogo mengi huhitaji kati ya nyutoni-mita 90 na 120. Namba kamili imo kwenye kitabu cha gari. Ikipungua, nati hulegea. Ikizidi, uzi wa stadi (bolti inayoshika nati) hunyooka kama springi iliyochoka, au diski ya breki inajipinda na utaanza kusikia mtetemo mguuni kila unapofunga breki.

Usipake grisi wala oili kwenye uzi wa nati isipokuwa kitabu kimesema. Uzi ulioteleza hukubali kukazwa zaidi ya kipimo huku spana ya torki ikikuonyesha namba ileile. Ukishaendesha kilomita 50 hadi 100, kaza upya kwa spana ileile. Hili halimhusu tu anayefanya kazi nyumbani: fanya hata ukitoka gereji.

Lile tairi la akiba jembamba naweza kulitumia mpaka mwisho wa mwezi?

Limeandikwa ubavuni lenyewe: kwa kawaida mwisho kilomita 80 kwa saa, na kwa ajili ya kukufikisha kwa fundi. Aina nyingi hizo hutaka upepo wa psi 60 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na kwa kuwa hakuna anayelipima, siku linapohitajika huwa limelala. Usilifunge kwenye ekseli inayosukuma gari kama una namna nyingine: kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele, hamisha tairi zima la nyuma lije mbele, jembamba liende nyuma. Ni kazi mara mbili, lakini difrenshio yako, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, itasalimika.

Upepo: nifuate namba iliyoandikwa kwenye tairi?

Hapana, na hili ndilo kosa linalosambaa kuliko yote, hata kwa wajazaji wenyewe. Namba ya ubavuni ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi linaruhusiwa kubeba. Upepo wa gari lako umeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Utakuta namba mbili: ya gari lenye watu wachache na ya gari lililojaa.

Pima tairi likiwa baridi, yaani gari limelala au limetembea kilomita mbili tatu tu. Tairi la moto husoma juu, kwa hiyo ukilipunguza upepo likiwa moto, kesho asubuhi litakuwa chini ya kipimo. Joto la hewa nalo huhesabika: kila nyuzi 6 hivi za Selsiasi zikishuka, tairi hupoteza karibu psi 1. Ndiyo maana taa ya upepo kwenye dashibodi huwaka alfajiri yenye baridi na kuzimika mchana bila mtu kugusa chochote. Usiipuuze, imekuambia uko ukingoni.

195/65 R15 91H maana yake nini?

Upana wa milimita 195. Urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R ni muundo wa radiali. Rimu ya inchi 15. Namba 91 ni uzito: kilo 615 kwa tairi moja. H ni mwendo: mwisho kilomita 210 kwa saa. T ni 190, V ni 240. Unapobadilisha, uzito na mwendo visishuke chini ya vile vilivyowekwa na mtengenezaji wa gari, hata kama muuzaji anakuapia kwamba "saizi ni hiyohiyo." Saizi ni hiyohiyo, mzigo si huohuo.

Nitajuaje tairi limezeeka?

Tafuta neno DOT ubavuni, kisha soma tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na halina kazi tena barabarani. Alama kamili mara nyingine iko upande wa ndani tu, ule unaotazama uvunguni, kwa hiyo itabidi uiname na taa.

Watengenezaji wa matairi wengi wanasema likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 na litolewe likifika 10, hata kama linapendeza. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema 6. Mpira hukauka hata ukiwa stoo. Kunja ubavu kidogo kwa kidole gumba uone kama kuna nyufa ndogo ndogo kwenye mzizi wa mifereji. Tairi la akiba ambalo halijawahi kugusa lami nalo huzeeka, tena huzeeka bila kuonekana.

Lini tairi linahesabiwa kuwa kipara?

Nchi nyingi zimeweka mwisho wa kina cha mifereji kuwa milimita 1.6. Tairi jipya la gari dogo huanza na milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vijituta vidogo vya mpira; kijituta kikilingana na uso wa tairi, limefika mwisho. Kwa maoni yangu usingoje hapo. Chini ya milimita 3 tairi tayari limeanza kushindwa kusukuma maji ya mvua, na gari huelea juu ya maji kwa mwendo ambao mwaka jana haukukupa shida.

Matairi yangu yanaisha upande mmoja. Ni ubovu wa tairi?

Mara chache sana. Tairi ni shahidi wa mambo yanayotendeka kwingine. Likiisha kingo zote mbili na kubaki katikati, limekuwa likitembea na upepo mdogo. Likiisha katikati, upepo umezidi. Likiisha ukingo mmoja tu, alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) imehama, au bushi na boljointi, vile viungo vya magurudumu, zimelegea, na hapo kupima alaimenti bila kubadilisha kilicholegea ni kupoteza hela. Likiisha kwa mabonde mabonde, kama limekatwa kwa kijiko, angalia shokapu na balansi, yaani ulinganifu wa uzito wa gurudumu.

Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Ukisikia laini kwenda na makali kurudi, kila kashata (kipande cha mpira kati ya mifereji) ina ncha upande mmoja: hiyo ni alaimenti ya kuelekeana kwa magurudumu ya mbele. Mkono huigundua mapema, macho yakiwa bado yanaona tairi zima. Zima gari kwanza, na kama uzi wa chuma umeshaanza kutoka tumia glavu.

Uvimbe ubavuni ni habari nyingine kabisa. Nyuzi za ndani zimekatika, kwa kawaida kwa kugonga shimo au ukingo wa barabara, na kilichobaki kuzuia upepo ni mpira mtupu. Halirekebishiki. Toa.

Pancha: kamba ya kuchomeka inatosha?

Kukutoa barabarani, ndiyo. Kukaa nayo mwaka mzima, hapana. Ukarabati unaokubalika ni wa kutoa tairi kwenye rimu, kukagua ndani, kisha kuweka kiraka chenye mkia unaoziba tundu lote. Sababu si tundu lenyewe. Tairi lililotembea hata kidogo bila upepo hujisaga ubavu kwa ndani, na ukilifungua utakuta unga mweusi wa mpira. Kamba ukiichomekea nje, hutauona unga huo. Tundu liwe kwenye uso wa tairi, lisizidi milimita 6. Begani au ubavuni halizibwi.

Kama umetumia ile dawa ya chupa ya kuziba pancha, mwambie fundi kabla hajafungua. Atakushukuru, na sensa ya upepo iliyo ndani ya rimu huenda ikaokolewa kwa kusafishwa mapema.

Nimeweza kununua matairi mawili tu. Niyaweke mbele au nyuma?

Nyuma, hata kama gari linasukumwa na magurudumu ya mbele. Watu hubisha sana hapa, kwa hoja kwamba usukani na breki kubwa viko mbele. Ni kweli, lakini mbele ikiteleza gari huendelea kwenda moja kwa moja, unaachia mafuta, unarudisha usukani, linatii. Nyuma ikiteleza gari hujigeuza, na madereva wachache sana hulirudisha. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, soma kitabu kwanza: mengi hayapendi matairi yenye tofauti kubwa ya kina, kwa sababu difrenshio hulazimika kufanya kazi muda wote.

Vipi matairi ya mtumba?

Yanunue tu ukiyaona yakiwa nje ya rimu, ndani na nje. Tarakimu za DOT, nyufa, viraka vya zamani, unga mweusi. Muuzaji akiwa ameyapaka dawa ya kung'arisha, yafute kwa kitambaa kwanza.

Naweza kuvisha tairi kwenye rimu nyumbani?

Nakushauri usifanye. Kubadilisha gurudumu zima ni kazi ya nyumbani, kuvisha tairi kwenye rimu ni kazi ya mashine. Hatari iko pale ukingo wa tairi unaporuka na kukalia rimu: kwa gari dogo upepo wa kukalisha usizidi psi 40, na ukingo ukikataa hapo, unatakiwa uutoe upepo na kutafuta sababu, si kuongeza. Wale wanaopulizia gesi na kuwasha kiberiti ili tairi "lipige" wanacheza na bomu. Mwache fundi avishe, wewe hakikisha mshale wa mwelekeo uko sawa na neno la upande wa nje limekaa nje, na kwamba amefunga valvu mpya.

Nimebadilisha matairi na sasa usukani unatetemeka.

Ukitetemeka kwenye mwendo fulani, tuseme kilomita 80 hadi 110 kwa saa, kisha ukatulia, anza na balansi. Ukitetemeka ukifunga breki tu, angalia diski na ukazaji wa nati. Ukitetemeka tangu mwendo mdogo na kuongezeka, simamisha gari sasa hivi ukague nati.

Kumwaga oili mwenyewe kuna siri gani?

Hakuna siri, kuna mambo matatu yanayoharibu siku. La kwanza ni filta ya zamani kutoka huku mpira wake ukibaki umeganda kwenye injini. Ukifunga mpya juu yake, mipira inakuwa miwili, injini inawaka vizuri, kisha oili yote inamwagika kwa dakika chache. Geuza filta uliyoitoa uone kama mpira wake upo. Ya mpya paka oili kidogo mpirani, zungusha kwa mkono mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. La pili ni bolti ya kumwagia. Karta (bakuli la oili chini ya injini) nyingi za siku hizi ni za alumini, na uzi wake hufa kwa mkono mmoja wenye hasira. Badilisha washa yake kila mara. La tatu ni kujaza kwa kukisia: jaza pungufu kidogo, washa injini kwa dakika moja, zima, ngoja dakika tano, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kisome. Oili ikae kati ya alama mbili. Kuzidi si ukarimu. Krankishafti, mhimili mkuu wa injini, huipiga oili mpaka itoe povu.

Gari lisiwe la moto sana, vuguvugu linatosha kuifanya oili itiririke. Oili chafu irudishe kwenye galoni, uipeleke wanakoipokea. Usimwage kwenye mtaro.

Na pedi za breki?

Pedi mpya huwa na milimita 10 hadi 12 za kusagika. Ikibaki 3, nunua. Badilisha ekseli nzima, kushoto na kulia. Fungua upande mmoja, uache mwingine ukiwa mzima ili uwe na pa kutazamia ukisahau kipande kilikaa vipi. Kalipa, kile chuma kinachobana pedi, isining'inie kwenye bomba lake, ifunge juu kwa waya. Kabla ya kurudisha pistoni, angalia kopo la mafuta ya breki: yanapanda, na yakimwagika yanababua rangi ya gari. Pistoni za nyuma kwenye magari mengi hurudi kwa kuzungushwa, na zile zenye breki ya mkono ya umeme zinahitaji kompyuta kwanza, kwa hiyo usizisukume.

Ukimaliza, kabla hujasogeza gari hata hatua moja, kanyaga breki mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu. Kanyagio la kwanza litazama hadi chini, kwa sababu pistoni ziko mbali na pedi. Anayesahau hili hugundua akiwa tayari anarudi nyuma kuelekea geti. Likibaki laini baada ya kukanyaga, kuna hewa, na gari halitoki.

Mafuta ya breki yenyewe hunyonya unyevu, ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. DOT 5 ya silikoni haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4.

Betri: terminali ipi kwanza?

Kutoa, anza hasi. Kurudisha, maliza na hasi. Spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya na hasi bado imefungwa, ni shoti. Betri nzima iliyotulia husoma volti 12.6, injini ikiwaka, kati ya 13.7 na 14.7 hivi. Ikiwaka na kusoma 12 na kushuka, betri haina kosa, alteneta ndiyo haichaji.

Ukiazima moto kwa gari jingine: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu kwenye chanya ya nzima, nyeusi kwenye hasi ya nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri.

Taa ya injini imewaka. Mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu) itaniambia cha kununua?

Itakuambia pa kuanzia. Soketi ya OBD-II, ile ya kuchomeka mashine hiyo, imekuwa lazima kwa magari mapya Marekani tangu 1996, na leo kisomaji kidogo cha kuunganisha na simu kinatosha kwa mengi. P0301 inasema silinda ya kwanza inamisi, yaani haiunguzi mafuta sawasawa. Haisemi kama ni plagi, koili au injekta. Hamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, futa kodi, endesha. Ikigeuka P0302, yaani silinda ya pili, mwizi ni koili, na umempata bila kununua chochote. Taa ikipepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame: mafuta yasiyoungua yanaenda kuunguza katalisti, kile kisafishaji cha moshi kwenye egzosi.

Nimekwama katikati ya kazi, bolti imekatika na gari liko juu ya stendi.

Liache hapo. Usifunge nusu nusu ili "lifike tu gereji." Piga picha ulipofikia, weka vipande kwenye vyombo tofauti kwa mpangilio uliovitoa, funika panapoweza kuingia vumbi, mwite fundi aje. Akifika, mweleze kila ulichogusa, pamoja na kile unachoona aibu kukitaja. Atakitafuta vyovyote vile, na muda wa kutafuta unaulipia wewe.